Rangi Mpya kwenye Kabati Kuukuu: Umekarabati au Umedanganya?



Leo tuongee rangi. Sisemi zambarau ya Kwaresima wala kijani cha Kipindi cha Kawaida. Nasema rangi ya kopo, ile unayonunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa au Sokomatola hapa Mbeya, au Miyomboni kule Iringa, ukaongeza brashi moja na karatasi mbili za msasa. Mtindo huu umeingia kwenye mageto yetu kwa kishindo. Mtu anachukua kabati la zamani, meza ya kusomea, stuli ya jikoni, hata fremu ya kioo na fimbo za mapazia, anavipaka rangi isiyong'aa, ile ambayo wauzaji wanaiita mati. Kijivu cha jivu, kijani cha majani ya chai, nyeusi ya mkaa. Baada ya siku mbili chumba ni kingine, na mwenye chumba naye ni kama amepata moyo mpya.

Mimi naupenda mtindo huu, niseme mapema ili msije mkadhani nimekuja kuukemea. Ila kila mwaka vyuo vikikaribia kufunga, swali lilelile linarudi kwenye makundi yetu ya vijana. Mwanafunzi wa RUCU au Mkwawa kule Iringa, au wa MUST hapa Mbeya, amemaliza masomo, anataka kuuza kitanda na kabati kwa wanaoingia. Kabati limechoka. Mguu mmoja uliwahi kuvunjika, mlangoni pana doa la mvua iliyopenya kwenye bati, na droo ya chini wadudu wameanza kuibungua. Anapaka mati mara mbili, anapiga picha, anatangaza WhatsApp: bado jipya kabisa. Jioni hiyohiyo limenunuliwa. Je, ametenda dhambi? Na kama ndiyo, ilianzia wapi: kwenye brashi, kwenye picha, au kwenye yale maneno matatu?

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi tunaihukumu bila kuijua. Ukitaka kupaka samani vizuri, muda mwingi hutashika rangi kabisa. Unaosha kwanza kwa maji ya sabuni kutoa mafuta ya mikono na moshi wa jiko. Ikikauka, unapiga msasa. (Msasa, kwa wasiojua, ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo. Karatasi ya dukani imerithi jina tu.) Vanishi ya zamani lazima ikwaruzwe mpaka ipoteze mng'ao wake, la sivyo rangi mpya haina pa kushika na utaibandua kwa ukucha. Unaziba matundu, unasubiri, unapiga msasa tena, unapaka rangi ya kwanza ya kushikia, unasubiri tena, ndipo unakuja kwenye mati yenyewe, nyembamba, mara mbili. Na huku kwetu kusubiri ni kusubiri kwelikweli. Mwezi wa sita na wa saba, Mbeya na Mafinga kuna baridi ya kung'ata, na rangi ya maji haipendi baridi. Paka saa nne asubuhi jua likishachomoza vizuri, usipake saa mbili usiku eti ndio umetoka kazini. Na kama ubao uliwahi kupakwa oili chafu kuzuia mchwa, rangi ya maji itateleza juu yake kama mvua kwenye jani la mgomba.

Wapo wanaojichanganyia wenyewe: rangi ya maji ya kawaida, na poda ya jipsamu iliyokorogwa kwanza kwa maji, kama theluthi moja ya kiasi cha rangi. Uso wake ukikauka unakuwa kama chaki. Kule Uingereza kuna mama mmoja, Annie Sloan, aliyeanza kutengeneza na kuuza rangi ya aina hiyo mwaka 1990, na makopo yake yamezunguka dunia. Jipsamu ya kwetu inatosha, ila changanya kidogo kidogo, kwa sababu inaweza kuganda ungali unakoroga.

Neno moja zito kabla sijaendelea. Kama kitu ni cha zamani sana na kina rangi ya mafuta ya enzi hizo, usikipige msasa mkavu ndani ya chumba anacholala mtoto. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Lowesha kwanza, fanyia nje, funika pua na mdomo, zoa vumbi lote. Hilo nalo ni jambo la amri ya tano, ingawa sijawahi kusikia mtu anayejiandaa kuungama akilikumbuka.

Sasa kwa nini mati? Kwa nini tusipake rangi inayong'aa, kama ile ya milango ya ofisi za zamani? Sababu iko kwenye mwanga. Rangi inayong'aa ina gundi nyingi, hukauka laini kama kioo, na mwanga ukiipiga unarudi kwa pamoja upande mmoja, hivyo kila bonde na kila mkwaruzo unaonekana. Mati ina unga mwingi na gundi kidogo. Uso wake una vijibonde vidogo mno usivyoviona kwa macho, mwanga unatawanyika huku na huku, na jicho linapita bila kukwama kwenye kasoro. Yaani, kwa Kiswahili cha wazi, mati inaficha. Ndiyo maana tunaipenda. Fundi yeyote atakwambia bila kuona aibu: mbao yenye majeraha ipake isiyong'aa.

Hapo ndipo dhamiri ya Mkatoliki inaposhtuka na kukimbilia Mathayo 23:27, pale Bwana wetu anapowafananisha waandishi na Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje na ndani yamejaa mifupa. Nimeisikia aya hiyo ikitumiwa kuponda wigi, suti za kukodi, vipodozi, na sasa imefika kwenye makabati. Tuisome polepole. Wayahudi wa wakati ule walikuwa na desturi ya kupaka makaburi chokaa kabla ya Pasaka, kwa sababu kugusa kaburi kulimtia mtu unajisi, na mahujaji waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu hawakuyajua makaburi ya njiani. Chokaa ilikuwa alama. Ilimwambia msafiri: hapa pana maiti, pita mbali. Yaani rangi ile ilikuwa inasema kweli!

Bwana hakuwa na ugomvi na chokaa. Kwa jinsi ninavyoelewa, anachowashutumu wale watu ni kwamba wanao weupe wa kaburi lakini hawana onyo lake. Mtu anawasogelea akidhani yuko salama. Luka 11:44 inaliweka wazi zaidi, maana huko wanafananishwa na makaburi yasiyoonekana, ambayo watu wanatembea juu yake bila kujua. Nikiisoma hivyo, macho yangu yanatoka kwenye kopo la rangi yanakwenda kwa mtu anayelisogelea kabati. Yeye anajua nini?

Bibi zetu walilijua hili bila kulisoma popote. Nyumba ya udongo kijijini, iwe Rungwe au Kilolo, sikukuu ikikaribia hukandikwa upya na kusiribwa kwa udongo mweupe au mwekundu, kwa mkono au kwa kitambaa. Hiyo ni mati tupu, haing'ai hata chembe. Nyufa zote zinapotea. Na hakuna mgeni hata mmoja anayedanganyika kwamba ukuta ule ni wa matofali ya kuchoma. Kila mtu anajua chini kuna fito na udongo. Kinachosemwa na ukuta ule ni kwamba humu ndani wanakaa watu wanaojiheshimu, na walikuwa wanakutarajia. Ufa umefunikwa, na hakuna aliyedanganywa. Mtu akiniuliza rangi ya halali inafananaje, namwonyesha ukuta huo.

Kinyume chake, uongo wa mbao ninaoufahamu mimi hauna hata tone la mati. Sao Hill, pale Mufindi mkoani Iringa, ni shamba kubwa la miti la serikali kuliko yote nchini, na mbao zake za paini zinasafiri mbali. Paini ni mbao nzuri, nyeupe, nyepesi, ya bei tunayoiweza. Hukomaa kwa miaka kama 20 hivi, ingawa wenye vishamba binafsi wengi wanaikata ikiwa bado changa, ada ya mtoto haisubiri. Mninga ni mti wa porini, mzito, unakua taratibu, na bei yake unaijua. Sasa kuna vanishi yenye rangi ya mninga. Inapakwa juu ya paini, mistari ya mbao inaonekana vizuri tu, hakuna kilichofunikwa, kila kitu kiko wazi. Na mteja anaondoka akiamini amenunua mninga. Ajabu yake ndiyo hiyo. Kinachoionyesha mbao ndicho kinachodanganya, wakati mati inayofunika mbao yote haidai kuwa mti wowote. Yenyewe inasema tu, mimi ni rangi.

Na bado sitaki kuilaumu hata hiyo vanishi. Fundi akikwambia usoni kwamba hii ni paini, nimeipa rangi ya mninga kwa sababu wateja wanaipenda, hana kosa lolote. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uongo ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2482, inamfuata. Kopo halina nia. Brashi haina nia.

Tena kuna jema tunalolipoteza tukikimbilia kulaani. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 211, anataja mambo madogo ya kila siku ya kutunza uumbaji: kutenga taka, kupanda miti, kuzima taa zisizohitajika, na kutumia tena kitu badala ya kukitupa haraka. Kuhusu hilo la kutumia tena, anasema linaweza kuwa tendo la upendo, ila anaweka sharti: lifanywe kwa sababu njema. Nalipenda sana sharti hilo, kwa sababu halituruhusu kujisifu kwa kuwa tu hatujatupa. Vijana wawili wanaweza kupaka makabati mawili yanayofanana, kwa kopo moja, siku moja, mmoja akawa ametenda upendo na mwingine ameiba.

Wengine watasema: pesa ya kopo hilo ungempa maskini. Hoja hiyo ina mwenyewe kwenye Injili, na si mtu tunayempa watoto jina lake (someni Yohane 12:4-6). Yesu alimtetea Mariamu wa Bethania na manukato yake ya bei mbaya. Uzuri si anasa ya matajiri peke yao. Kijana anayelipa kodi ya chumba kimoja Ilomba au Kihesa naye ana haki ya kuamka asubuhi akaona kitu kizuri. Lakini tusijifiche sana nyuma ya Mariamu. Yeye aliipaka miguu ya Yesu. Hakupaka ya kwake ili aipige picha. Nimeona mageto ambayo ukuta mmoja tu ndio umepakwa, ule unaoonekana kwenye kamera, na pembeni yake maskini meza moja iliyopendeza imesimama kama bibi harusi aliyepotea njia. Hapo mnunuzi hayupo, hakuna aliyeibiwa, labda mwenyewe tu kama alichukua mkopo wa simu ili apate kopo la rangi. Mathayo 6:6 inatutuma chumba cha ndani, tukafunge mlango. Chumba chenyewe sasa tunakifungua kwa watu mia nne kila asubuhi. Hili liombeeni wenyewe, mimi naliacha hapo.

Kuna kesi nyingine isiyo na mnunuzi, na kwangu ndiyo ngumu kuliko zote. Mama amefariki. Ameacha kabati la mninga, zito, jeusi kwa miaka na moshi. Dada mdogo amepewa alipeleke kwake, naye anataka kulipaka kijani kisichong'aa lifanane na nyumba yake. Kaka anakuja juu: hilo ni kabati la mama, mikono ya mama iko pale! Nani mwenye haki? Kiufundi, mninga ukishapakwa rangi, hata ukija kuukwangua baadaye, chembe za rangi zitabaki kwenye vishimo vya mbao. Hurudi nyuma kabisa. Ni kitu unachokifanya mara moja.

Mimi nasema hivi. Kama kabati liko stoo, limefunikwa kwa turubai, panya wanazaliana ndani yake kwa sababu hakuna anayethubutu kuligusa, basi heshima hiyo kwa mama ni ya mdomoni. Mama hakulinunua likae stoo. Heri liwe la kijani na liwe na nguo za wajukuu wake. Ila kitu kilichobaki cha mzazi ni cha wote hata kama kimekaa kwa mmoja, na anayepaka peke yake usiku halafu akawatumia ndugu zake picha asubuhi, amechukua kisicho chake. Waulizwe. Wakikubali, kuna sehemu moja ningeomba iachwe. Mama wengi wana tabia ya kuandika ndani ya mlango wa kabati kwa penseli: tarehe ya ubatizo wa huyu, siku ya komunyo ya yule, namba ya simu ya mjomba. Pale usipake.

Sasa turudi kwa muuzaji wetu wa chuo. Mtakatifu Thoma wa Akwino (1225–1274) aliliuliza swali lake karibu kama lilivyo, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77: je, muuzaji anawajibika kutaja kasoro ya kitu anachouza? Hajibu kwa neno moja. Kasoro ikiwa imejificha, na inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji ni lazima aiseme. Akinyamaza, biashara ile ni ya hila na anapaswa kufidia. Lakini kasoro ikiwa inaonekana na kila mtu, anatoa mfano wa farasi mwenye jicho moja, na muuzaji ameshapunguza bei ipasavyo, halazimiki kuitangaza. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi anaweza kuitumia kudai punguzo kubwa kuliko haki. Napenda sana kwamba mtakatifu huyu aliwajua wanunuzi.

Tena anajibu pingamizi moja la zamani. Cicero, Mrumi aliyeishi kabla ya Kristo, alikuwa amejadili mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro: je, ampe mpiga mbiu atangaze mitaani kwamba nauza nyumba mbovu? Thoma anasema hapana, hakuna ulazima wa kupiga mbiu, maana watu wangekimbia kabla ya kusikia kwamba nyumba ile ina mazuri yake pia. Mwambie yule mmoja anayekuja kununua, uso kwa uso, ili apime ubaya na uzuri kwa pamoja. Kwa lugha ya leo: si lazima uandike habari za wadudu kwenye tangazo lako la WhatsApp. Ila akishafika mlangoni kwako, mwambie.

Unganisha hilo na sayansi ya mwanga tuliyoongea, utaona brashi inafanya nini hasa. Kabla hujapaka, lile doa la mvua na ule mguu uliovunjika vilikuwa kama jicho la yule farasi: mnunuzi aliviona akiingia tu mlangoni. Ulikuwa na haki ya kunyamaza na kushusha bei. Ulipopaka mati, ulivihamisha kutoka kwenye kasoro zinazoonekana ukavitia kwenye zilizojificha. Hukukosea kuvihamisha. Lakini kuanzia dakika rangi ilipokauka umebeba wajibu ambao jana hukuwa nao. Kitu ulichokinyamazisha kwa brashi unadaiwa kukisema kwa mdomo.

Usiogope, si kila mkwaruzo. Thoma anaongelea hasara na hatari. Doa la maji yaliyokwisha kukauka, ubao ukiwa mzima, ni suala la sura tu, na sura umeshaitengeneza. Mguu uliovunjika ni jambo jingine, kabati linaweza kumwangukia mtu. Wadudu ni wabaya zaidi, maana watatoka kwenye droo uliyouza waingie kwenye kitanda ambacho hukukiuza wewe.

Najua mtakachosema, kwa sababu ni kweli. Ukweli una bei. Tuseme ukinyamaza unapata 90,000, ukisema unapata 65,000. Hiyo tofauti ya 25,000 ni nauli ya kurudi nyumbani na chakula cha njiani, na Thoma wa Akwino hakuwahi kukaa stendi anahesabu chenji. Maskini ndiye anayelipia uaminifu kwa uchungu zaidi, wenye fedha wanalipa bila kuhisi. Hilo linaniuma na sitalipamba. Lakini ile 25,000 ni bei ya nini? Ni bei ya mguu mzima ambao kabati lako halina. Na anayeitoa ni nani? Mara nyingi ni kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Kyela au Makete, ambaye baba yake ameuza mpunga au viazi ili aje na hela ya kuanzia. Yeye naye anahesabu chenji.

Ipo njia nyingine, ya jasho. Mpelekee fundi aunge mguu kwa gundi na skrubu za kweli. Toa droo, itie dawa ya wadudu, ianike juani, kama ubao umekwisha badilisha ubao. Halafu ndipo upake. Sasa ukipandisha bei una haki kabisa, na Thoma huyohuyo, katika kifungu cha 4 cha swali hilohilo, anakubali kwamba aliyekiboresha kitu anaweza kukiuza ghali kuliko alivyokinunua. Siku mbili zako za msasa na kusubiri ni kazi, na kazi inalipwa. Tukumbuke kwamba namba 2409 ya Katekisimu, inapotaja makosa dhidi ya amri ya saba, inaweka pamoja udanganyifu kwenye biashara na kazi iliyofanywa vibaya. Yaani kupaka juujuu juu ya vumbi na mafuta, rangi ikabanduka baada ya wiki mbili, nako kumo.

Na kama umeshauza na maneno yako matatu? Namba 2412 inafundisha kwamba haki inadai kurudisha. Kuungama peke yake hakuungi mguu wa kabati. Piga simu, namba yake bado unayo. Rudisha sehemu ya hela, au nenda na skrubu zako ukautengeneze mwenyewe. Ni aibu ya nusu saa.

Kwa anayejiandaa kuuza muhula huu: tangazo liwe fupi. Kabati la paini, milango miwili, limepakwa upya mwezi huu, njoo ulione mchana. Akifika, lisogeze kutoka ukutani, lisisimame pale lilipokaa vizuri kwa picha. Mwonyeshe mguu, mwambie ulivunjika lini na uliungwa vipi. Toa droo ya chini, ipindue juu ya karatasi nyeupe, igonge mara tatu kwa kiganja, mwangalie wote wawili kama kuna unga wa mbao unaodondoka. Halafu sogea pembeni, mwache alizunguke mwenyewe.